Mwenye Nyumba Juu ya Jiwe: Majibu kwa Wasomaji kuhusu Picha za Kejeli

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ndogo ya Kifaransa ya mwaka 1853. Ndani yake mume na mke waliovalia vizuri wamesimama mbele ya nyumba iliyobomolewa nusu, na mume ananyoosha kidole juu, kwenye ukuta ulioachwa wazi, akilalamika kwamba kile kilikuwa chumba chao cha harusi na kwamba waashi wa siku hizi hawaheshimu kumbukumbu za watu. Chini yake hatukuandika zaidi ya jina la mchoraji, Honoré Daumier. Barua zilizotufikia kutokana na picha hiyo ni nyingi kuliko tulivyotarajia, na safu yote ya toleo hili tumeitoa kwa ajili yake.

Mheshimiwa Mhariri, shikamoo. Mimi ni kijana ninayechapa fulana na sare za kwaya kwa skrini hapa Kaloleni, Arusha. Picha ile ina vivuli laini kana kwamba imechorwa kwa penseli juu ya karatasi ileile niliyoishika. Sioni alama ya kisu wala vitone. Ilichapwaje? Tena, kama nikitaka kutengeneza za kwangu, nianzie wapi?
*Mchapaji wa fulana, Kaloleni, Arusha*

Marahaba. Jicho lako limeona sawasawa, kwa sababu hapakuwa na kisu. Picha ile ilichorwa juu ya jiwe, na ufundi wenyewe huitwa litografia. Aliyeugundua, kati ya mwaka 1796 na 1798 katika mji wa Munich, Ujerumani, ni Alois Senefelder, mwandishi wa tamthilia aliyekuwa akitafuta njia ya bei nafuu ya kuchapa kazi zake mwenyewe. Alisimulia kwamba siku moja mama yake alimtaka aorodheshe nguo zilizokuwa zikienda kwa dobi, naye kwa kukosa karatasi akaiandika orodha hiyo juu ya jiwe la chokaa lililokuwa karibu. Mawe bora kwa kazi hiyo yalichimbwa Solnhofen, katika jimbo la Bavaria. Chembe zake ni ndogo mno, na uso wake hupokea mafuta vizuri kama unavyopokea maji.

Kanuni inayotawala kazi yote anaijua kila mama lishe wa Soko la Kilombero aliyewahi kuosha sufuria ya pilau kwa maji baridi: penye mafuta, maji hayakai. Mchoraji huchora moja kwa moja juu ya jiwe kwa kalamu iliyotengenezwa kwa nta, sabuni na masizi. Jiwe hupakwa mchanganyiko wa ulimbo wa mgunga na asidi hafifu, ili mafuta yashike imara na sehemu tupu ziendelee kupenda maji. Baadaye hulowanishwa, na rola yenye wino wa mafuta hupitishwa juu yake. Wino hung'ang'ania pale palipochorwa na kukataliwa na pale palipo na maji. Karatasi hulazwa juu, mashine hukandamiza, na nakala ya kwanza imepatikana. Kutoka jiwe moja zingeweza kutoka nakala elfu kadhaa, kisha jiwe likasuguliwa kwa mchanga mpaka mchoro ukaondoka, likawa tayari kwa picha ya kesho.

Tofauti kubwa na skrini yako ni kwamba wewe unausukuma wino upitie tundu za kitambaa, kwa hiyo mchoro hutokea kama ulivyo, lakini kwenye jiwe kila kitu hutoka kinyume, kushoto kukiwa kulia. Tofauti nyingine ni ya watu. Katika picha za kuchongwa kwenye mbao, mchoraji alimkabidhi fundi mchoro wake, na mara nyingi fundi aliurudisha ukiwa umekakamaa. Kwenye jiwe hakuna wa kati. Mtetemo wa mkono wa mchoraji ndio huohuo ulioufikia mkono wa msomaji.

Swali lako la pili nitalijibu mwishoni, maana lina masharti yake.

Ndugu Mhariri, ninafundisha historia katika shule ya sekondari, na nimepanga Majengo, Moshi. Wanafunzi wangu wameuliza swali ambalo sikulijibu vizuri. Ufaransa ya karne ile ilikuwa na wafalme, mapinduzi na vita. Kwa nini mchoraji hodari namna hiyo ahangaike na wapangaji, mabawabu na mawakili? Je, si kukimbia mambo makubwa?
*Mwalimu na mpangaji, Majengo, Moshi*

Mwalimu, wanafunzi wako wameuliza swali ambalo wahakiki wengi huliruka. Jibu fupi ni kwamba Daumier alianza na mfalme, akafungwa, na baadaye sheria ikamfungia mlango huo. Jibu refu ndilo tamu.

Mwaka 1830 wananchi wa Paris walimwondoa mfalme mmoja wakapata mwingine, Louis-Philippe, aliyeahidi uhuru wa kuchapa. Mwaka huohuo Charles Philipon akaanzisha gazeti la kila wiki la picha za kejeli, La Caricature, na miaka miwili baadaye akaanzisha la kila siku, Le Charivari. Philipon alishtakiwa kwa kumdhihaki mfalme, na mbele ya mahakama, Novemba 1831, akachora hatua nne zinazoonyesha uso wa mfalme ukigeuka kidogo kidogo kuwa pea, tunda lile lililo jembamba juu na pana chini, ambalo kwa Kifaransa cha mitaani jina lake ni pia jina la mtu mjinga. Hoja yake ilikuwa kwamba, kama kufanana na mfalme ni kosa, basi waishtaki na pea. Alihukumiwa hata hivyo, lakini watoto wa Paris walishaanza kuchora mapea kwenye kuta, na hakuna askari awezaye kukamata tunda.

Daumier, aliyezaliwa Marseille mwaka 1808, alikuwa kijana katika kundi hilo. Mwezi Desemba 1831 alichora Gargantua, jina la jitu lafi la hadithi za Kifaransa: mfalme mnene ameketi juu ya kiti, wananchi maskini wanapandisha vikapu vya fedha kwa ubao mrefu mpaka kinywani mwake, na chini ya kiti hicho, ambacho si vigumu kutambua ni kiti cha namna gani, zinatoka nishani na vyeo kwa ajili ya wabunge. Alihukumiwa kifungo cha miezi sita na faini ya faranga 500, na Agosti 1832 akaingia gereza la Sainte-Pélagie.

Aprili 1834 lilitokea jambo ambalo, kwa maoni yangu, linaunganisha nusu mbili za kazi yake. Wakati wa ghasia mjini Paris, askari waliodai kwamba walipigwa risasi kutoka nyumba namba 12 ya mtaa wa Transnonain waliingia humo na kuwaua wakazi wake, vyumba kwa vyumba. Daumier alichora chumba kimoja tu. Hakuna askari ndani ya picha, wala bendera, wala mfalme. Yupo baba aliyevaa shati la kulalia, ameanguka kando ya kitanda juu ya mtoto wake mchanga, mashuka yamevurugika na kiti kimepinduka. Serikali ililitafuta jiwe na nakala ili kuziharibu. Mwalimu, tazama tena hicho chumba. Ni chumba cha kupanga. Picha kali kuliko zote za kisiasa alizozichora inaeleza kilichowapata wapangaji usiku mmoja, na ndiyo maana sikubaliani na wale wasemao kwamba alipoanza kuchora wapangaji alikuwa ameacha siasa.

Mwaka uliofuata, tarehe 28 Julai 1835, mfalme alinusurika mtambo wa mitutu mingi ya bunduki iliyofyatuliwa kwa pamoja, na Septemba ikapitishwa sheria iliyotaka kila picha ipate kibali kabla ya kuchapwa. Maneno yaliachwa bila sharti hilo. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba mchoro husema na macho, kwa hiyo umevuka maoni na kuwa kitendo. Nadhani hakuna sifa kubwa zaidi ambayo wachoraji wamewahi kupewa na adui yao. La Caricature likafa. Le Charivari likabaki hai kwa kugeukia mji: soko la hisa, mahakama, ngazi za nyumba, mabasi ya farasi.

Kwanza alikuja Robert Macaire, tapeli aliyetolewa kwenye jukwaa la maigizo, ambaye Daumier na Philipon walimfanya leo awe mwenye benki, kesho wakili, keshokutwa daktari wa meno, katika mfululizo wa picha zipatazo 100 kati ya mwaka 1836 na 1838. Msomaji yeyote aliyewahi kuuziwa kiwanja kimoja kilichouzwa kwa watu watatu atamtambua. Miaka ya 1840 wakafuata watu wa mahakama, majoho yamewavimba kama tanga la jahazi, wanatoa machozi mbele ya hakimu na kupongezana koridoni. Hapa Daumier hakuwa akibuni: alipokuwa mtoto alitumwa huku na huko na dalali wa mahakama, na sura za watu wanaotolewa vyombo nje alizijua kabla hajajua kuchora. Baba yake alikuwa fundi wa vioo aliyehamia Paris kutafuta jina la ushairi, na jina hilo hakulipata.

Halafu wapangaji. Paris ilikuwa na watu takriban 547,000 mwaka 1801, na kufikia 1851 walikuwa wamepita 1,000,000, katika mji ambao nyumba zake hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Kodi ililipwa kila miezi mitatu, na siku ya malipo mitaa ilijaa mikokoteni ya watu waliohama kwa kushindwa. Mwaka 1853 Kaizari Napoleon III akamteua Georges Haussmann kuwa mkuu wa mkoa wa Seine, ambamo Paris ilikuwamo, naye kwa miaka kumi na saba akapasua barabara pana katikati ya mitaa ya zamani. Sisi tunaoijua X nyekundu ukutani hatuhitaji kuelezwa zaidi. Daumier alimchora mwenye nyumba, ambaye Wafaransa walimpa jina la ndege tai mla mizoga, akiangalia kwa furaha nyumba ya jirani inavyobomolewa, kwa sababu kila nyumba iliyoanguka ilimpa nafasi ya kuwapandishia kodi wapangaji wake wote.

Niruhusu kumbukumbu moja. Nilipokuwa kijana nilipanga chumba Unga Limited, na wiki ile lami ilipofika mbele ya nyumba yetu, baba mwenye nyumba alitukusanya uani akatupongeza kwa maendeleo, kisha akataja kodi mpya, miezi sita mbele. Sura yake siku hiyo ilikuwa ileile ya picha: mtu asiye mkatili hata kidogo, ambaye bahati tu imemjia kwa mlango wa nyuma wa balaa la mwingine. Hapo ndipo Daumier anapowapita wenzake. Mwenye nyumba wake si jini. Ana tumbo, ana kofia, ana haya kidogo, na sheria iko upande wake.

Basi waambie wanafunzi kwamba mambo makubwa hayakukimbiwa. Mfalme alipokatazwa kuchorwa, mchoraji alichora yale yaliyomfikia kila mtu kutoka kwa mfalme: kodi, hukumu, nyundo ya mbomoaji. Kwa jumla alichora litografia zipatazo 4,000. Uzeeni macho yalimfifia karibu kabisa, akafa mwaka 1879 kijijini Valmondois, katika nyumba aliyoipata kwa msaada wa rafiki yake, mchoraji Corot, kwa kuwa kodi nayo ilikuwa imemshinda.

Nyongeza moja, kwa kuwa darasani mtaulizwa: maneno yaliyo chini ya picha hizo kwa kawaida hayakuandikwa na Daumier, bali na waandishi wa gazeti. Sisi tuliokulia kwenye khanga hatushangai, maana aliyechora maua na aliyeandika "Mwenye wivu ajinyonge" si lazima wawe wamewahi kuonana.

Mpendwa Mhariri, nilikuwa muuguzi miaka mingi na sasa nimestaafu. Nimesikia kwamba London nayo ilikuwa na picha kama hizi kuhusu maji machafu. Nani alizinunua, na je, zilisafisha chochote?
*Bibi wa Sanawari, Arusha*

Shikamoo, Bibi. Umesikia kweli. Mwaka 1828 William Heath alichapisha picha ya mama anayetazama kwa hadubini tone la maji ya mto Thames, akiona humo mazimwi yenye miguu na meno, na kwa mshtuko anaangusha kikombe chake cha chai. Aliiita Supu ya Mazimwi. Mwaka uliofuata George Cruikshank alichora London ikitoka mjini kwenda kuvamia mashamba: majeshi ya mabomba ya moshi na sepetu yanasonga mbele, tanuri linarusha matofali kama mizinga, na malundo ya nyasi yanakimbia huku yakilia. Watu wa Sakina na Njiro wanaokumbuka mashamba ya mahindi yaliyokuwapo kabla ya mageti watacheka, kisha watanyamaza.

Hizi hazikuwa za mawe. Zilichorwa kwenye mabamba ya shaba yaliyoliwa na asidi, kisha zikatiwa rangi kwa mkono, moja moja, na bei yake ya kawaida ilikuwa shilingi moja isiyo na rangi na mbili yenye rangi, fedha ambayo kibarua asingeitoa kwa karatasi. Kwa hiyo maskini walizisoma bure, wamesongamana mbele ya dirisha la duka, na wanyang'anyi wa mifukoni walijua saa nzuri ya kufika. Matajiri wachache walizinunua. Wa kati walizikodisha: lilikuwako duka Piccadilly, la S. W. Fores, lililoazimisha majalada ya picha za kejeli kwa jioni moja ili wageni wapate cha kuchekea baada ya chakula. Waliokuwa wakikodi kanda za video pale mjini miaka ya tisini wanaifahamu biashara hiyo, pamoja na faini ya kuchelewesha.

Kuhusu kusafisha, nitasema ninavyoamini. Miaka thelathini baada ya kikombe cha Heath kuanguka, maji ya Thames yalikuwa mabaya zaidi. Kiangazi cha 1858, joto lilipozidi na harufu ya mto ikaingia kwenye madirisha ya Bunge lenyewe lililo ukingoni, gazeti la Punch lilichapisha picha ya Mauti akipiga kasia usiku juu ya mto, akidai fedha au uhai. Mwaka huohuo Bunge likapitisha fedha za mifereji mikubwa ya mhandisi Joseph Bazalgette. Mimi ningeipa pua ya wabunge sehemu kubwa ya shukrani, na picha sehemu ndogo. Lakini New York ni habari nyingine. Mwaka 1871 mchoraji Thomas Nast, katika gazeti la Harper's Weekly, alimwandama wiki kwa wiki William Tweed, bwana aliyekula fedha za mji kupitia ujenzi wa jengo la mahakama. Tweed alianguka, akafungwa, akatoroka mpaka Hispania, na mwaka 1876 akakamatwa huko kwa msaada wa picha mojawapo ya Nast, kwa kuwa walioishika hawakuhitaji kujua Kiingereza ili kumtambua.

Kaka Mhariri, kila mfano ni wa Mzungu. Hakuna wengine?
*Mwanafunzi wa chuo, Moshi*

Wapo, dada, na mfano mmoja una samaki tunayemfahamu. Wajapani waliamini kwamba tetemeko husababishwa na kambale mkubwa aliye chini ya ardhi, ambaye mungu humkandamiza kwa jiwe. Novemba 1855 mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, ulitikiswa vibaya, na kabla vumbi halijatulia zilianza kuuzwa picha zilizochapwa kwa vibao vya mti, zisizo na jina la mchoraji wala muhuri wa mkaguzi, kwa sababu kibali hakikuombwa. Katika nyingine watu wanampiga kambale. Katika nyingine, ambazo ndizo zenye pilipili, maseremala, wapiga plasta na waezekaji wanamkaribisha kwa heshima, kwa kuwa ujenzi mpya umewajaza kazi, na matajiri wanalazimishwa kutapika sarafu walizozificha. Baada ya takriban miezi miwili serikali ilizipiga marufuku. Ukimweka kambale huyo karibu na yule mwenye nyumba wa Paris utaona swali moja katika miji miwili ambayo haikusomana: nyumba inapoanguka, nani anapata?

Mexico nako José Guadalupe Posada, aliyezaliwa mwaka 1852, aliwachora wakubwa na wadogo wa mji wakiwa mifupa mitupu, kwenye karatasi za bei ya chini kabisa zilizouzwa barabarani. Huyo anastahili safu yake mwenyewe.

Na sasa swali la pili la kijana wa Kaloleni.

Jiwe la Solnhofen huwezi kulipata sokoni, na mashine yake ni nzito. Anza na njia ya Edo, ya kuchonga, kwa vifaa vya hapa. Chukua soli pana ya kandambili iliyochakaa, isugue kwa msasa mpaka iwe bapa, na uibandike juu ya kibao. Chora kwa kalamu ya wino, kisha kwa wembe ondoa kila usichotaka kichapwe, ukiinamisha wembe nje ya mstari ili ukingo usivunjike. Paka wino uleule wa skrini kwa sifongo, kidogo kidogo, laza karatasi ya daftari, na usugue mgongo wake kwa kijiko cha mbao kuanzia katikati kwenda pembeni. Soli moja itakupa nakala nyingi kabla ya mistari myembamba kuanza kulegea.

Usianze na sura ya mtu mkubwa. Anza na mlango wa nyumba unayopanga na yule anayeugonga tarehe moja. Na ukitaka kuweka neno KODI juu yake, liandike kwanza kwenye karatasi nyepesi, igeuze, ulinakili kutoka upande wa nyuma, herufi ya I ikitangulia. Nakala yangu ya kwanza niliichonga bila kugeuza, na mwenye nyumba wangu alishindwa kuisoma.